Kama Kichocheo Hakiishi, Mbona Tunakimwaga?

Kwenye mazoezi ya kufundisha nilitengeneza oksijeni na kidato cha pili. Hidrojeni peroksaidi, manganisi dayoksaidi kidogo, mapovu, darasa likashangilia. Nikaandika ubaoni: kichocheo huharakisha mmenyuko, chenyewe hakiishi. Wakati wa kusafisha vyombo, mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, kama hakiishi, sasa tunakimwaga wapi?" Nikamwonesha sinki. Najua, msinicheke.

Swali lile linawaumiza vichwa hata wanakemia wakubwa. Mwaka 2010 Richard Heck, Ei-ichi Negishi na Akira Suzuki walipata Tuzo ya Nobel kwa mimenyuko inayounganisha kaboni na kaboni kwa msaada wa paladi. Njia hizo hutumika kutengeneza dawa. Lakini paladi ni ghali, ni adimu, na mabaki yake hayatakiwi ndani ya dawa. Lazima itolewe.

Njia moja inayotafitiwa ni kuibandika paladi kwenye chembe za magnetaiti, oksidi ya chuma, zenye upana wa nanomita chache tu. Mmenyuko unafanyika ndani ya maji badala ya kiyeyushi chenye sumu kama toluini. Kazi ikiisha, unaweka sumaku ubavuni mwa chombo. Chembe zinavutwa zote upande ule, unamimina kimiminika, unaziosha, unazitumia tena. Ukiondoa sumaku, zinatawanyika upya.

Si muujiza, jamani. Paladi kidogo huweza kuchomoka ikabaki majini, na baada ya kurudiwa mara kadhaa kichocheo huchoka. Maji yenye metali si salama eti kwa sababu ni maji. Ndiyo maana watafiti makini huyapima.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya maabara za mabilioni. Mimi nakataa. Mwalimu hahitaji paladi kufundisha swali hili. Manganisi dayoksaidi haiyeyuki majini: chuja, osha, kausha, pima. Tuliweka gramu ngapi, zimerudi ngapi? Karatasi ya kuchujia na mizani vinatosha. Mwanafunzi atakayeona uzito uleule umerudi hatakariri tena kwamba kichocheo hakiishi; atakuwa amekishika mkononi.

Tumezoea kutoa alama kwa gesi iliyopatikana. Tutoe na kwa kilichorudi. Wenzangu wa ualimu, tukienda shuleni safari hii tukubaliane: hakuna kumwaga kabla ya kuchuja.