Ukitimu arobaini, usiwaachie vijana vyuma

Mwambie Mkenya wa miaka arobaini na mitano kwamba yampasa kufanya mazoezi, naye atakujibu kuwa ataanza kukimbia Jumamosi. Sisi ni taifa la wanariadha wa mbio, na neno mazoezi limebaki na maana moja tu vichwani mwetu: raba, barabara na jasho la alfajiri. Vyuma tumewaachia mabarobaro wanaotaka kutunisha vifua mtaani, na mabaunsa wa vilabu vya usiku. Matokeo nayaona kila mara. Jumamosi bwana mkubwa anakimbia kilomita tano na kitambi chake, Jumapili hawezi kushuka ngazi, Jumatatu yuko kwenye foleni yangu akilalamikia magoti, na kuanzia Jumanne hakuna mazoezi tena mpaka mwaka ujao.

Lawama nyingine naielekeza kwa wenzangu wa taaluma. Mgonjwa wa presha huandikiwa jina la dawa, miligramu ngapi, mara ngapi kwa siku na kwa muda gani. Kisha, akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango, anaambiwa, "Na ufanye mazoezi." Mazoezi gani? Kiasi gani? Dawa gani nyingine hutolewa namna hiyo? Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa nchini mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya kila wanne wenye umri wa miaka 18 hadi 69 alikuwa na shinikizo la juu la damu. Hao si watu wa kuagwa kwa maneno matatu mlangoni.

Kipimo chenyewe kipo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka wa 2020 wataka mtu mzima atembee kwa kasi, au afanye shughuli nyingine ya nguvu za wastani, kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Hii nusu ya kwanza wengi wamewahi kuisikia. Nusu ya pili haisemwi sana: siku mbili au zaidi kwa wiki za kuimarisha misuli yote mikubwa ya mwili, yaani mapaja, makalio, mgongo, tumbo, kifua, mabega na mikono.

Misuli huanza kupungua baada ya umri wa miaka 30, kwa kiasi cha asilimia 3 hadi 8 kila miaka kumi, na kasi hiyo huzidi baada ya 60. Mwenyewe huoni kitu, kwa kuwa mafuta huhamia pale misuli ilipotoka. Mizani yaweza kusoma kilo zile zile ulizokuwa nazo siku ya harusi, ilhali mwili si ule. Isitoshe, misuli ndiyo hupokea sehemu kubwa ya sukari inayoingia damuni baada ya mlo, hivyo anayeipoteza anajipunguzia ghala, na kisukari hupata mwanya. Kwa akina mama, hedhi inapokoma mifupa nayo hudhoofika haraka, na mifupa huimarika pale inapobebeshwa uzito.

Lakini tuyaache ya maabara, tuzungumze kuhusu choo. Mtumishi wa serikali hustaafu akiwa na miaka 60. Wengi hurejea mashambani, na huko mara nyingi choo ni cha shimo. Mtu aliyekaa ofisini na ndani ya matatu kwa miaka thelathini hugundua siku ya kwanza kwamba anaweza kuchuchumaa, ila kuinuka ndiyo kazi. Anashika ukuta, anashika mlango, mwishowe anamwita mjukuu. Kiinua mgongo alilipwa. Paja la kumwinua hapo chini halikuwamo katika hesabu. Mzee huanza kula kidogo na kunywa maji kidogo ili asiende huko mara kwa mara, na ndipo udhaifu unapozidi. Hayo hayaanzi akiwa na sabini. Huanza akiwa na arobaini na tano, kwenye kiti.

Najua jibu nitakalopewa: mama zetu hawakuinua vyuma, na walifika miaka tisini. Ni kweli. Walibeba mtungi wa lita ishirini kutoka mtoni, nao ni kilo ishirini, wakachanja kuni, wakalima wakiwa wameinama tangu asubuhi. Anayeishi hivyo hadi leo hahitaji ushauri wangu, anahitaji kupumzika na kulishwa vizuri. Nazungumza na wewe unayepandishwa ghorofa ya tatu na lifti.

Wala usiseme umechelewa. Mwaka wa 1990 Dkt Maria Fiatarone na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa katika makao ya wazee jijini Boston, Marekani. Wazee kumi wenye umri wa miaka 86 hadi 96 waliwekwa katika mazoezi mazito ya miguu kwa wiki nane. Tisa walifika mwisho, na nguvu za miguu yao zikaongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Ikiwa ajuza wa miaka tisini ana cha kuvuna, wewe una udhuru gani?

Jipime leo. Egemeza ukutani kiti cha kawaida kisicho na sehemu za kuwekea mikono. Keti, kunja mikono kifuani, kisha simama wima na uketi tena, mara nyingi uwezavyo kwa sekunde 30. Mwanamume wa miaka 60 hadi 64 asiyefikisha mara 14, na mwanamke wa umri huo asiyefikisha 12, huhesabiwa kuwa chini ya wastani na katika hatari ya kuanguka. Ukishindwa na idadi hiyo ukiwa na 45, usingoje Januari.

Kiti hicho hicho ndicho zoezi la kwanza. La pili ni kusukuma ukuta, kisha meza, na miezi ikipita, sakafu. La tatu ni kuinua mtungi kutoka chini, magoti yakikunjwa na mgongo ukiwa umenyooka. La nne, kuinama kidogo na kuuvuta mtungi hadi ubavuni. Kila zoezi mara 8 hadi 12, pumzika dakika moja au mbili, rudia. Jumanne na Ijumaa zatosha. Anza na lita tano za maji, na mara ya 12 isipokuchosha, ongeza maji. Hapa ndipo wengi hukwama: mwaka mzima wanainua uzito ule ule, kisha wanasema vyuma havisaidii. Maumivu ya misuli siku moja au mbili baadaye ni ya kawaida; maumivu makali ya kiungo si ya kawaida.

Ukipenda wenzako, vyumba vya vyuma vimejaa mitaani, vingine vikitumia gia za malori na mikebe iliyojazwa saruji. Saruji haina kasoro yoyote. Ila kijana atakayekupa siku ya kwanza chuma anachoinua yeye, mkimbie. Na akina mama wanaoogopa kuota misuli ya kiume watulie: homoni inayoijenga hiyo wanayo kwa kiasi kidogo sana. Maharagwe, ndengu, omena, mayai na maziwa visikosekane mezani.

Wapo wa kusubiri. Presha ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, ishushwe kwanza. Mwenye maumivu ya kifua anapopanda ngazi, mwenye ngiri, au mwenye kisukari kilichogusa macho, amwone daktari kabla ya kugusa mtungi. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari awe na kitu kitamu karibu, kwani sukari yaweza kushuka ghafla. Usizuie pumzi unapoinua, kwa kuwa presha hupanda ghafla. Toa pumzi unaposukuma, vuta unaposhusha. Na daktari akikuambia tu "fanya mazoezi", rudi ukae kwenye kiti chake, umwombe akuandikie ni yapi na mara ngapi.