Kipimo cha selimundu kisogezwe Manzese

Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Makadirio yanayotajwa ni takriban 11,000 kila mwaka. Hospitali ya Taifa ya Muhimbili imefanya kazi kubwa ya utafiti na tiba. Lakini binti wa Manzese, Dar es Salaam, anayeposwa leo, nani anamwambia akapime?

Aliyerithi kinasaba cha selimundu kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haugui. Anabeba mizigo, anagombania daladala, hana habari. Wawili wa namna hiyo wakioana, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mtoto mgonjwa. Vidole vya mtoto vikianza kuvimba, lawama humwangukia mama, na uchawi hutajwa, ilhali mtoto amerithi ugonjwa kwa wazazi wote wawili. Dhuluma hiyo inatuuma.

Kipimo bila ushauri nasaha hakitoshi. Karatasi ya majibu peke yake yaweza kuvunja uchumba bure. Wizara ya Afya na Manispaa ya Ubungo wapeleke vyote viwili kwenye zahanati za kata, kwa bei anayoimudu mama lishe. Nao mashehe na wachungaji wawaulize wachumba mapema kama wamepima, kabla mahari haijapokelewa.