Kwa Nini Chama Kimoja Hakiondoki



Tangu kura ya maoni ya Julai 2005 Uganda ina vyama vingi, lakini NRM imetangazwa mshindi katika kila uchaguzi mkuu uliofuata. Wako wasemao ni bunduki, wengine husema ni sabuni na sukari za wakati wa kampeni. Hatukatai. Novemba 2020 watu zaidi ya 50 waliuawa katika ghasia za kampeni. Lakini hayo hayaelezi yote.

Jambo kubwa ni shina. Tangu 1986 vyama vingine vilizuiwa kufungua matawi na kufanya mikutano ya hadhara, na wakati huo huo Movement ilikuwa na halmashauri katika kila kijiji. Miaka 19! Mlango ulipofunguliwa, mmoja alikuwa amekwisha lima, wengine ndiyo kwanza wanatafuta jembe. Mpaka leo anayetafuta kazi, au anayemwombea dhamana ndugu yake, huenda kwa mwenyekiti wa LC1 kuomba barua. Mwaka 2018 mwenyekiti huyo alichaguliwa kwa watu kupanga mstari mchana kweupe. Nani atasimama mstari wa upinzani huku mwenye nyumba wake anamtazama?

Sisi wafanyakazi tunavyo viti vitano Bungeni, na wengi waliovikalia ni watu wa chama tawala. Februari 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kima cha chini cha mshahara. Rais, ambaye ndiye mwenyekiti wa chama hicho, alikataa kuutia sahihi, na kima cha kisheria kikabaki shilingi 6,000 kwa mwezi, kile kile cha 1984. Mbunge aliyepita kwa kadi ya chama atamgomea mwenyekiti wake?

Tazameni Zambia. UNIP ilitawala tangu 1964, ikaangushwa kwa kura mwaka 1991 na chama cha MMD chini ya Frederick Chiluba, kiongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Shirikisho hilo lilikuwa na matawi migodini ambayo chama tawala hakikuweza kuyameza. (Kwamba serikali yake baadaye iliuza migodi na wachimbaji wengi wakakosa kazi, hilo nalo tusilisahau.)

Hapa kwetu matawi mengi huamka siku ya kudai nyongeza, kisha hulala. Uchaguzi wa matawi ukifika, tumwulize kila mgombea ana kadi ya nani mfukoni, na atatuitisha mkutano mara ngapi kwa mwaka.