Amri ya matunzo isiishie kwenye karatasi
Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema wazi: baba na mama wana jukumu sawa la kumtunza mtoto, wawe wameoana au la. Hata hivyo, bado tunawaona akina mama kwenye veranda za mahakama, bahasha ya risiti za unga na karo mkononi, wakifuatilia pesa za matunzo zilizokwisha kuamriwa.

Mzazi aliyeamriwa kulipa kisha akapoteza kazi asijifiche. Sheria ya Watoto ya 2022 inamruhusu kuiomba mahakama ibadilishe amri. Lakini anayekaidi ilhali ana uwezo, mali yake ikamatwe bila kuzungushana. Mahakama ziharakishe utekelezaji. Njaa ya mtoto haiahirishwi kama kesi.