Maji au Feni? Kompyuta ya Kijana Inapopata Joto

Akina mama wapendwa, wengi wenu mmezoea kunisoma hapa nikizungumzia homa za watoto na malezi ya wachanga. Mwezi huu nitazungumzia homa ya kompyuta, kwa kuwa swali nililoletewa limevuruga nyumba moja, na sidhani kama ni moja tu.

Mama mmoja ana kijana aliyemaliza kidato cha sita. Kwa mwaka mzima kijana huyo amewafundisha watoto wa majirani hesabu, akaweka akiba ili aunde kompyuta ya kuchezea michezo. Fedha zimekaribia kutosha. Tatizo ni kwamba anataka ipozwe kwa maji, kama zile alizoziona kwa rafiki zake, na baba yake amesema maji na umeme havikai kasha moja, basi mradi wote usimame. Sasa baba na mwana hawasemeshani mezani. Mama anauliza amuunge mkono nani.

Kwa maoni yangu, baba amekosea sababu na kijana amekosea hesabu.

Kwanza, joto lenyewe linatoka wapi? Ndani ya kompyuta kuna prosesa, ambayo ndiyo hufanya hesabu zote. Umeme wote inaoutumia hugeuka kuwa joto. Mnakumbuka zile taa za zamani za wati 60, jinsi zilivyounguza vidole? Prosesa ya kawaida kama Ryzen 5 7600, iliyotoka mwaka 2023, imepangiwa wati 65, tena katika kipande kidogo mno. Core i9-14900K, ya mwaka huohuo, inaruhusiwa kufika wati 253. Joto hilo lisipoondolewa, prosesa haiungui mara moja. Ikikaribia nyuzi 95 au 100 hujipunguzia kazi yenyewe, kama mtu anayelima juani saa saba mchana. Mchezo huanza kukwamakwama, na mtoto hununa.

Kipoza cha feni hukaa juu ya prosesa. Chini yake kuna bamba la shaba, na kutoka hapo hupanda mabomba membamba yaliyofungwa pande zote, yenye maji kidogo ndani. Maji hayo hugeuka mvuke kwa joto, mvuke ukapanda hadi kwenye mapezi ya alumini, ukapoa na kurudi chini, sawa na matone mnayoyaona kwenye mfuniko wa sufuria ya wali. Feni hupuliza mapezi hayo. Kwa hiyo baba ajue kwamba hata hiki anachokiamini kina maji ndani yake.

Kipoza cha maji kinafanana zaidi na mwili wa mwanadamu. Pampu ndiyo moyo, mipira ndiyo mishipa, na rejeta yenye feni ndiyo ngozi, mahali damu inapokwenda kuacha joto lake. Vinavyouzwa madukani hujazwa na kufungwa kiwandani, wala mnunuzi haongezi kitu. Kuvuja hutokea, lakini ni kwa nadra. Mimi ningehofia pampu zaidi. Moyo ukisimama, damu haitembei; pampu ikifa, joto hupanda haraka na kompyuta hujizima, na mara nyingi itabidi kununua kipoza kizima upya. Tena maji hayo hupungua polepole kupitia mipira kwa miaka. Ndiyo maana dhamana ya watengenezaji wazuri huishia kwenye miaka 5 au 6 hivi. Feni ikifa, kijana hununua feni nyingine kwa bei ndogo, akafungua skrubu chache, kazi ikaendelea.

Jambo ambalo vijana wengi hulisahau ni kwamba hakuna kati ya hivi viwili kinachofanya kazi ya friji. Vyote huhamisha joto kwenda kwenye hewa ya chumba, basi haviwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba hicho. Prosesa inayofika nyuzi 70 katika chumba cha nyuzi 22 itakaribia 80 chumba kikiwa na nyuzi 32, kama mchana wa Februari Dar es Salaam. Na chumba hakitapoa kwa sababu ya maji. Joto ni lilelile, limebadilishiwa njia tu.

Tena katika michezo, anayetoa joto jingi kwa kawaida ni kadi ya picha. GeForce RTX 4070 ya mwaka 2023 imepangiwa wati 200, nayo ina feni zake. Kipoza cha prosesa hakiigusi. Ryzen 5 7600 niliyoitaja huuzwa na feni yake ndani ya boksi. Kipoza cha maji chenye rejeta kubwa huweza kugharimu mara mbili au tatu ya kipoza kizuri cha feni. Fedha hiyo ningeipeleka kwenye kadi bora, au kwenye kasha lenye wavu mbele ili hewa ipite.

Maji yana mahali pake. Kijana akinunua prosesa kama ile ya wati 253 na kuifanyisha kazi ya video kwa saa nyingi, rejeta kubwa itamsaidia kweli. Vilevile vipoza vikubwa vya feni ni virefu na vizito. Noctua NH-D15 ya mwaka 2014 ina urefu wa milimita 165 na uzito unaozidi kilo moja, na makasha mengine hayafungi juu yake. Akichagua maji, asiweke pampu juu kuliko rejeta, maana viputo vya hewa hupanda na kukusanyika humo.

Kwetu adui mkubwa ni vumbi. Huziba mapezi na rejeta bila upendeleo. Kompyuta isikae sakafuni wala ndani ya kabati, na sisi akina mama tuache kuifunika vitambaa vyetu vya kufuma ikiwa inafanya kazi! Vichujio visafishwe kila mwezi. Kila baada ya miezi mitatu hivi ipulizwe vumbi, ikiwa imezimwa na kuchomolewa, huku feni zimeshikwa kwa kidole zisizunguke.

Nilimwambia mama yule asichague upande, bali awaache wawili hao wafungue kasha pamoja, baba akiwa ameshika tochi. Krimu ya kupitisha joto ipakwe kiasi cha punje ya mbaazi tu, na kabla ya kufunga skrubu, baba ahakikishe ile karatasi ya plastiki iliyobandikwa chini ya kipoza imetolewa.