Mlima Lengai: Mwaliko uandamane na tahadhari

BASI la alfajiri kutoka kituo cha Nyegezi hupita Mkolani na Buhongwa, likaliacha Jiji la Mwanza nyuma na kushika njia ya Usagara, Misungwi na Shinyanga kuelekea Singida, Babati na Arusha. Kwa kijana wa Buhongwa anayetaka kuupanda Mlima Ol Doinyo Lengai, hiyo ni siku ya kwanza tu ya safari. Mbele yake kuna Mto wa Mbu, kisha njia ya nyika ipitayo Engaruka hadi kijiji cha Engare Sero, karibu na Ziwa Natron.

Miaka ya nyuma safari ya namna hiyo ilihesabiwa kuwa ya wageni kutoka Ulaya na Marekani. Sasa mambo yanabadilika. Tangu kuzinduliwa kwa filamu ya The Royal Tour mwaka 2022, wito wa utalii umesikika kila kona, na Watanzania nao wanahimizwa kuzuru vivutio vyao wenyewe. Kila Desemba yako makundi yanayopanda Kilimanjaro kuadhimisha Uhuru. Kwa asiyemudu gharama na siku nyingi za Kilimanjaro, Lengai huonekana kuwa jibu jepesi: mlima unaopandwa usiku mmoja na kushukwa asubuhi yake.

Ni wito mzuri. Hata hivyo, Lengai si Kilimanjaro iliyopunguzwa urefu. Ni mlima wa aina nyingine kabisa, na tofauti hiyo ndiyo inayostahili kutazamwa kabla vijana hawajafunga mizigo.

Kwanza ni mazingira yake. Lengai, wenye urefu wa takriban mita 2,962, umesimama peke yake katika Bonde la Ufa, kwenye nyika kame ya majivu na miamba. Joto la mchana katika bonde la Natron huweza kupita nyuzi 40, na njiani hakuna kivuli wala maji. Ndiyo maana wapandaji huanza safari karibu na saa sita usiku ili wafike kileleni alfajiri na kuanza kushuka kabla jua halijawa kali. Mteremko wa juu ni mkali mno, na majivu yaliyogandamana huteleza chini ya kiatu. Wengi huona kushuka kuwa kugumu kuliko kupanda.

Pili, mlima huu uko hai. Wataalamu wanautaja kuwa volkano pekee duniani ambayo katika zama hizi imekuwa ikitoa lava ya kabonati ya sodiamu. Lava hiyo ina joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya joto la lava ya kawaida. Hutiririka ikiwa nyeusi kama tope, kisha hugeuka nyeupe inapokutana na unyevu. Kuitwa lava baridi kusimhadae mtu. Mwaka 2007 mpagazi mmoja alitumbukia ndani ya lava hiyo kileleni. Alinusurika, lakini kwa majeraha mabaya ya moto.

Mwaka huohuo ulitoa funzo kubwa zaidi. Julai 2007 eneo hilo lilikumbwa na mfululizo wa matetemeko ya ardhi yaliyosikika hadi Nairobi. Septemba mlima ukalipuka kwa kishindo na kurusha majivu angani, na milipuko ikaendelea hadi mwaka 2008. Wafugaji walilazimika kuhamisha mifugo, kwa kuwa majivu yalifunika malisho. Kilele kilichozoeleka kikabadilika sura, pakabaki shimo refu lenye kuta wima.

Kwa Wamaasai, ambao kwa lugha yao jina hilo lina maana ya Mlima wa Mungu, habari hizi si ngeni. Wao huuendea mlima kwa sala na kuzisoma dalili zake. Mkazi wa Mwanza hana urithi huo. Amekulia katikati ya mawe makubwa ya matale yenye umri unaozidi miaka bilioni mbili, mawe ambayo watu huyajengea nyumba juu yake bila wasiwasi. Kwake jiwe ni kitu kilichotulia.

Lakini mkazi huyo ana urithi mwingine, nao ni mchungu. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, na hadi leo hesabu ya waliokufa hubaki ya kukadiria. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka karibu na Ukara na watu 228 wakapoteza maisha. Kanda ya Ziwa imejifunza kwa machozi kwamba safari isiyo na orodha huficha ukubwa wa hatari, na kwamba nauli iliyopokewa si kinga.

Funzo hilo linauhusu pia Mlima Lengai. Kilimanjaro iko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa, na mpandaji huandikishwa langoni huku kukiwa na kikosi cha uokoaji. Lengai haimo ndani ya hifadhi ya taifa. Njia ya kuuendea hupita kwenye maeneo ya halmashauri zaidi ya moja, na msafiri hutozwa ushuru zaidi ya mara moja. Stakabadhi humthibitisha aliyelipa. Haisemi nani ameanza kupanda saa sita usiku, wala nani hajarudi ifikapo saa sita mchana.

Si kwamba ujuzi unakosekana. Tangu mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu Ardhi wameshirikiana na wenzao wa Virginia Tech ya Marekani kuupima mwenendo wa mlima kwa mitambo ya setilaiti. Utafiti uliotangazwa mwaka 2024 ulionyesha kuwa ardhi karibu na kilele ilikuwa ikishuka kwa takriban sentimita 3.6 kila mwaka tangu 2013. Aidha, mwaka 2018 UNESCO iliitambua Ngorongoro Lengai kuwa hifadhi ya jiolojia ya kimataifa.

Swali ni kama ujuzi huo unamfikia kiongozi wa msafara pale Engare Sero, kwa Kiswahili na Kimaasai, kabla hajawasha kurunzi. Umuhimu wake ulionekana Desemba 2023, tope lilipoporomoka kutoka Mlima Hanang na kuua makumi ya watu huko Katesh. Uvumi kwamba ni volkano ulienea haraka, na Serikali ikalazimika kuukanusha. Pasipo na taarifa ya kuaminika, uvumi huchukua nafasi yake.

Linalotakiwa halihitaji fedha nyingi. Iwepo orodha moja ya wapandaji, inayofunguliwa kijijini kila jioni na kufungwa wa mwisho anaporudi. Iwepo taarifa fupi ya hali ya mlima, kama ile ya hali ya hewa wanayoisubiri wavuvi kabla ya kuingia ziwani. Na sehemu ya ushuru unaokusanywa njiani irudi kwa viongozi wa misafara wa Engare Sero kwa ajili ya mafunzo ya huduma ya kwanza, machela na mawasiliano, maana ndio watakaokuwa wa kwanza kumfikia aliyeumia.

Kijana wa Buhongwa ana haki ya kukiona kilele hicho sawa na mgeni aliyetoka ng'ambo. Ana haki pia kwamba, asiporudi kwa wakati, pawepo mtu anayelijua jina lake.