Makasia kwa wasichana wa vyuo: Ziwa Kivu pekee halitoshi

BUNAGANA – Ng'ambo ya mpaka huu, Uganda ilipata mpiga makasia wake wa kwanza wa Olimpiki, naye ni mwanamke. Kathleen Noble, aliyezaliwa Uganda kwa wazazi kutoka Ireland, alishindana Tokyo mwaka 2021, kisha Paris 2024. Mchezo huo hakuuanza utotoni. Alijifunza akiwa tayari mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani.

Jambo hilo linawahusu wasichana wa Kivu Kaskazini. Mtu anaweza kushika kasia kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 18 na bado akafika mbali, mradi chuo chake kina mashua na kocha.

Kwa nini vyuo vya Marekani vinagharamia hayo? Sababu kubwa ni sheria. Mwaka 1972 ilipitishwa Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika shule zinazopokea fedha za serikali kuu. Vyuo vyenye timu kubwa za wanaume vilihitaji nafasi nyingi za wanawake, na makasia yalifaa: mashua moja hubeba wapiga makasia wanane na mwelekezi wao. Tangu 1997, NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, huandaa ubingwa wa makasia wa wanawake. Wa wanaume haiuandai.

Goma ina ziwa na ina vyuo vikuu. Usiku, wavuvi wa sambaza hupiga makasia kwa pamoja wakiimba, lakini kazi hiyo ni ya wanaume. Kongo nayo ina sheria ya tarehe 1 Agosti 2015 kuhusu haki za mwanamke na usawa. Ila sheria bila bajeti hainunui hata kasia moja.

Vita vimezidisha ugumu. Bunagana iliingia mikononi mwa M23 tarehe 13 Juni 2022, na Goma Januari 2025. Benki za Goma zilifunga milango, uwanja wa ndege pia. Katika hali hiyo, mkuu wa chuo anayeomba fedha za mashua yenye urefu wa mita 17 hivi atasikilizwa na nani?

Hata hivyo, hatua ya kwanza haihitaji mashua. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, ndugu wa abiria wakiona kwa macho yao kutoka ufukweni. Wengi walikufa maji. Kufundisha wanafunzi wa kike kuogelea kunahitaji mwalimu, makoti ya kuokolea na sehemu tulivu ya ziwa. Chuo kitakachoanza hapo kitakuwa kimeweka msingi wa timu ya makasia. Na timu ikichelewa, angalau wasichana hao watavuka Kivu bila kutegemea bahati tu.